Anti, mume wangu anasema sebule imegeuka sakristia

Anti shikamoo.

Mi ni msomaji wako wa kimya kimya wa siku nyingi, leo nimeamua kuandika maana humu ndani hapakaliki na kwa mama yangu mzazi siwezi kulipeleka hili, atalikuza mpaka lifike ukoo mzima.

Tunaishi Kimara kwenye nyumba yetu, haijaisha yote ila sebule imekamilika, jipsamu imepigwa, kuta nyeupe, sofa zipo, tivii ipo, na zile taa za mkanda za bluu na zambarau kwenye jipsamu ambazo mume wangu anazipenda kuliko kitu chochote humu ndani. Mimi Mkatoliki yeye Mlutheri, tulifunga ndoa kwetu kwa kibali na yeye akaendelea na kwao, hatujawahi kugombania dini kweli kabisa, mpaka zilipoingia picha.

Nyumbani kwetu Moshi nimekua na ile picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, unaijua, ile ya kila nyumba, mama anachomeka tawi la Jumapili ya Matawi nyuma ya fremu linakaa hapo mpaka mwaka unaofuata. Na mi nikataka kwangu kuwe na kitu cha imani ila kizuri zaidi, kisiwe cha kufanana na kalenda ya parokia. Kuna sista tunafahamiana alisoma Roma, akawa ananitumia WhatsApp picha za kwenye makanisa ya kule, za wachoraji wa zamani hao, Caravaggio, Rubens, Guido Reni, Anti nilichanganyikiwa. Ule mwanga unavyotokea gizani, mitume wana makunyanzi na nguo zimechanika viwikoni, yaani watu wa kweli. Nikaanza kuzikusanya, nikampelekea jamaa wa mabango mjini akanitolea kwenye fleksi, seremala akapiga fremu, ya kwanza ikavuta ya pili na sasa ziko saba. Juu ya sofa kuna Kuitwa kwa Mathayo, halafu Tomaso anatia kidole ubavuni, Kuzikwa kwa Yesu, Kushushwa Msalabani, Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili wa Murillo, Mikaeli Malaika Mkuu anamkanyaga shetani, na kule korido kuna Yudithi anamkata kichwa Holoferne, ile aliyochora mwanamke, Artemisia.

Mume wangu mwanzoni alinyamaza. Sasa hivi anasema sebule imegeuka sakristia, kile chumba cha kanisani padre anapovalia, eti marafiki zake wakija kuangalia mpira timu ikifunga wanaogopa kushangilia. Wifi yangu naye akaja na lake, mbona Wazungu watupu humu, tena wengine hawajavaa nguo. Mama mkwe ndo kabisa, yeye siku hizi amehamia kwa walokole, alikuja kutusalimia akae wiki akaondoka kesho yake asubuhi, kasema hawezi kulala kwenye nyumba ya sanamu, na huyo Yudithi katafuta kwenye Biblia yake hamuoni, kwa hiyo nimeleta hadithi za kutunga nyumbani kwa mwanawe. Na mtoto wetu ana miaka sita, usiku hapiti tena korido kwenda chooni, anatuamsha.

Kinachoniumiza zaidi Anti, na hili sijamwambia mtu, hata mi mwenyewe zikiwa ukutani sizioni nilivyoziona kwenye simu. Nyeusi tii. Zinang'aa. Usiku nikikaa kwenye sofa naona taarifa ya habari inacheza ndani ya kaburi la Yesu. Na Mathayo na wenzake wamerefuka sura zote.

Padre alishakuja kubariki nyumba akanyunyizia na picha. Nizishushe zote kumridhisha mama mkwe? Nikizishusha nazipeleka wapi wakati zimebarikiwa? Au nisimame kwenye imani yangu wazoee tu?

Mama Sebule, Kimara

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Wapo watakaosoma hii barua waseme shida hapo siyo picha, ni mawasiliano ya ndoa, mkae chini muongee. Kaeni muongee sikatai, lakini mi ninavyoona shida hapo ni picha kweli. Mumeo hajasema hataki Yesu ukutani, kasema sebule imegeuka sakristia, na hapo simpingi, maana umechukua picha za makanisa makubwa yenye giza na dari refu ukazipanga kwenye chumba cheupe cha wageni, chini ya taa ya zambarau, kwenye fleksi ya tangazo la kuuza viwanja. Kuzipenda siyo kosa, hata mi nazipenda mpaka basi. Ila kila moja ya hizo ilichorwa ikushike shati ikiwa peke yake ukutani, sasa sita zikikushika shati kwa pamoja hapo sebuleni lazima mtu atafute mlango.

Uelewe kwanza zilikotoka ndo utajua pa kuziweka. Karne ya 16 Waprotestanti sehemu nyingi za Ulaya walikuwa wanaondoa picha na sanamu makanisani, kwingine wakizivunja kabisa. Roma ikajibu kwenye Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, kikao chake cha mwisho, Desemba 1563, kwamba picha zibaki, zifundishe waumini na kuwachochea kumpenda Mungu, na kwamba heshima unayoipa picha inamwendea yule aliyechorwa, siyo mbao na rangi. Vizazi vilivyofuata ndo vya Baroko, ndo jina la mtindo wa sanaa wa enzi hizo, kina Caravaggio, Rubens, Reni, baadaye Murillo, na kazi waliyopewa ilikuwa hiyo, mtu aingie kanisani toka sokoni, hajui kusoma, akiinua macho ashtuke. Kwa hiyo zile picha zina kelele kwa makusudi. Mama mkwe wako akisema sanamu anaendeleza ubishi wa miaka zaidi ya mia nne, hakuuanza yeye wala hautaisha kwa wewe kusimama kidete sebuleni. Na usidhani upande wetu zilipokelewa zote, Caravaggio alipochora Kifo cha Bikira Maria kwa ajili ya kanisa la Wakarmeli pale Roma, Santa Maria della Scala, mapadre wenyewe waliikataa, Mama yetu kalala pale mwili umevimba na miguu iko wazi, ikanunuliwa na mtawala wa Mantua kwa ushauri wa Rubens na leo iko makumbusho ya Louvre, Paris. Kwa hiyo hata mapadre kuna picha ziliwashinda.

Sasa twende kwenye ukuta. Hiyo Kuitwa kwa Mathayo ya juu ya sofa, ya kweli iko kanisa la San Luigi dei Francesi, Roma, ilichorwa 1599 hadi 1600, ina sentimita 322 kwenda juu na 340 kwa upana, inakaribia mraba. Iko ukuta wa kushoto wa kikanisa kidogo cha pembeni, na mwanga uliochorwa ndani yake unaingia kutoka kulia, upande ule ule ambao dirisha la kweli la kikanisa lipo, juu ya altare. Caravaggio aliona chumba kwanza ndo akachora. Na kwa kuwa mle ndani ni giza, wageni wameshazoea kutumbukiza sarafu kwenye kisanduku taa iwake kidogo waone, ikizima mtu anatafuta sarafu nyingine. Unaona tofauti na kwako? Kwako mwanga unatoka kila upande na una rangi ya disko.

Simama mbele ya sofa uiangalie, dirisha lako kubwa liko mkono gani? Kama ni wa kulia, Mathayo abaki hapo hapo. Kama ni wa kushoto, mhamishie ukuta wa pili, kwa sababu jicho la mtu halijui sababu ila linahisi kuna kitu hakiendani pale mwanga wa chumba unapogombana na mwanga wa picha. Usiku mwekee taa yake mwenyewe, ndogo, inayomulika kutokea juu upande wa kulia. Dukani angalia boksi, tafuta 2700K au 3000K, hiyo ndo njano ya joto, taa nyingi nyeupe zinazouzwa ni 6500K na hiyo inaua kahawia na nyekundu zote, ngozi za watu zinakuwa za maiti. Na mkanda wa zambarau sikwambii uung'oe, mumeo anaupenda, mwekee swichi yake. Siku ya mpira uwashe, siku ya wageni wako uzime.

Hiyo picha mi ningeibakiza kwa sababu nyingine pia, iangalie vizuri. Wanaume watano wamekaa mezani, kijana ameinamia hela anahesabu hata hainui kichwa, mzee amesogeza miwani naye anatazama hela, vijana wawili wana kofia za manyoya, na huku kulia Yesu ameingia na Petro, mkono umenyooshwa. Hakuna damu, hakuna maiti, hakuna aliye uchi. Rafiki wa mumeo atakaa chini ya hiyo picha ashangilie bao bila kujisikia vibaya. Na kama mumeo anafanya kazi za kodi ndo kabisa, mtakatifu wake huyo hapo.

Ila hiyo ya fleksi itoe. Sura zimerefuka kwa sababu jamaa wa mabango alikuwa na saizi yake akaivuta picha ijae, hao ndo zao. Ukitaka upana wa sentimita 90 basi kwenda juu ni 85, mwambie hivyo kwa namba na akikwambia haina shida tutaikata kidogo, kataa, mkono wa Yesu uko pembeni kule, atakukatia. Faili usichukue la WhatsApp, WhatsApp inabana picha mpaka haina kitu, kwenye simu huoni ila ukiikuza inakuwa uji. Kwa upana huo unahitaji karibu pikseli 5,300, hiyo ni nukta 150 kwa kila inchi, inatosha kwa picha ya kuangaliwa toka kwenye sofa. Wachoraji hawa wamekufa karne nyingi, haki zao zimeisha, na makumbusho makubwa yanakupa mafaili mazito bure kabisa, Rijksmuseum ya Amsterdam, National Gallery of Art ya Washington tangu 2012, Metropolitan ya New York tangu 2017. Zilizoko makanisani utazipata Wikimedia Commons. Pakua kwenye kompyuta, weka kwenye flashi, mpelekee mwenyewe mkononi.

Mwambie akutolee kwenye kitambaa cha kanvasi kisichong'aa, na usiweke kioo. Picha yenye giza ukiiwekea kioo umejinunulia kioo cha kujitazama, hiyo taarifa ya habari yako kaburini ndo inapotokea, na fleksi ina mng'ao wake hata bila kioo, tena ikipata joto la Dar inanuka na kulegea. Kanvasi ivutwe kwenye fremu ya mbao, mninga ukiweza, achana na yale mafremu ya plastiki ya dhahabu. Nyuma kwenye kona gundisha vipande vya raba ili hewa ipite kati ya picha na ukuta, maana unyevu wa kwetu huku ukikuta picha imebana ukuta wa nje unapandisha kuvu kabla masika hayajaisha. Na ishushe. Karibu kila nyumba naona picha zimepandishwa mpaka zinagusa jipsamu, mgeni anaangalia kidevu cha Yesu. Katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 toka sakafuni, ila ya juu ya sofa hakikisha haigusi vichwa vya watu. Ukuta huo mmoja tu upake rangi iliyokolea isiyong'aa, kijani cha mzeituni au kahawia, zingine acha nyeupe. Picha nyeusi kwenye ukuta mweupe inaonekana dirisha la stoo.

Haya, na hizo zingine.

Kuzikwa, Kushushwa na Tomaso zitoke sebuleni lakini usizitupe mawazoni. Sisi tuna mwaka wa kanisa, tuutumie. Tengeneza fremu moja ya ukuta wa pili, iwe ya kubadilisha, Kwaresima unaweka Kuzikwa, Jumapili ile baada ya Pasaka ambayo Injili ni ya Tomaso unamweka Tomaso na kidole chake, Noeli unaweka Mtoto Mchanga ya Georges de La Tour, wa Ufaransa, iko Rennes. Wiki chache mtu anaweza kukaa na maiti ya Yesu sebuleni akaitafakari kweli, mwaka mzima anaizoea na siku moja anaitundikia chaja ya simu.

Kushushwa Msalabani ya Rubens ndo nakushauri uiache kabisa, samahani. Ile iko kanisa kuu la Antwerp, aliichora 1612 hadi 1614, ni kubwa mno na ina mbawa mbili pembeni zinazofunguka, ukiibana iwe saizi ya sebule unabaki na watu wanane wanagombania shuka.

Mikaeli abaki, mpeleke karibu na mlango wa mbele kwa ndani. Hiyo ni ya Guido Reni, miaka ya 1635 hivi, iko kwa Wakapuchini Roma, na ndo mama wa kadi karibu zote za Mtakatifu Mikaeli tunazowekewa kwenye misale. Kuna uvumi wa zamani kwamba sura ya shetani pale chini ni ya Kardinali Pamphilj, ambaye baadaye akawa Papa Inosenti wa Kumi, na kwamba Reni alikuwa na kinyongo naye. Mwambie mumeo Mlutheri hiyo, ataipenda picha kuanzia hapo. Bikira Maria wa Murillo mpeleke chumbani kwenu, ana mwanga na buluu, chumba cha kulala kinampokea.

Wifi yako sasa, Wazungu watupu. Mi hilo silipuuzi, mtoto wa Kimara anayekua anaangalia watakatifu saba na wote ni wa Sevilla na Roma anajifunza kitu hata usipomfundisha. Lakini jibu lipo ndani ya hizi hizi picha. Tafuta ya Diego Velázquez, msichana wa jikoni na karamu ya Emau, aliichora Sevilla karibu 1617 au 1618 akiwa kijana, iko jumba la sanaa la taifa la Ireland, Dublin. Ni msichana mweusi, kitambaa cheupe kichwani, ameinama mezani mkono uko kwenye jagi, mbele yake kuna mabakuli, kinu na mchi wake, vitunguu saumu, na ukutani kikapu kimetundikwa na kitambaa. Amesimama kazi. Kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza, na nyuma yake kushoto kwenye kidirisha unaona chumba cha pili, Yesu yuko mezani na wale wa Emau. Sevilla ya wakati huo ilikuwa na Waafrika wengi waliokuwa watumwa, kwa hiyo huyu msichana hakutoka hewani. Na nikwambie kitu, hicho kidirisha chenye Yesu kilikuwa kimefunikwa kwa rangi, watu waliiona ni picha ya jikoni tu, mpaka iliposafishwa 1933 ndo Yesu akaonekana. Sasa wale wanafunzi wawili kwenye Injili walitembea naye njia nzima wasimtambue, huyu dada wa jikoni kasikia sauti tu toka chumba cha pili na vyombo kaviacha. Hiyo picha ina sentimita 55 kwa 118, maana yake unaweza kuitoa kwa saizi yake halisi, na pa kuiweka ni juu ya meza yenu ya chakula. Wifi akija mpikie, mkalishe hapo mbele yake.

Na akitaka zaidi mwambie kuhusu Juan de Pareja, mtu wa asili ya Afrika aliyekuwa mtumwa wa Velázquez huyo huyo, akaandikiwa uhuru wake Roma 1650 na kuwa mchoraji mwenye jina lake. Naye alichora Kuitwa kwa Mathayo yake, 1661, iko makumbusho ya Prado, Madrid, na kushoto kabisa amejichora mwenyewe amesimama anatutazama.

Mtoto. Yudithi ashuke leo, hata kabla hujamaliza kusoma. Mtoto wa miaka sita anayepita kwenye damu inayoruka akienda kukojoa halafu unamwambia ni neno la Mungu, hapana. Pale korido weka Mtakatifu Yosefu ya La Tour, ile ya Louvre, ya 1642 hivi. Yosefu ameinamia boriti anatoboa na kekee, Yesu mdogo yuko mbele yake anamshikia mshumaa, na mkono wa pili wa mtoto umekinga moto, mwanga unapita kwenye vidole unaona mpaka kucha zinawaka nyekundu. Ni picha ya usiku, ya mtoto na baba yake kazini, taa imeshikwa na mtoto. Korido ya kwenda chooni hiyo ndo kazi yake. Muweke taa ndogo ya njano chini yake na mtoto hamtaamshwa tena, na mkiamshwa basi ana lake lingine. Chumbani kwake, kama kuna ukuta, ipo Familia Takatifu na ndege mdogo ya Murillo, Prado, mtoto Yesu ameinua kindege juu anamchezea mbwa mweupe, Yosefu amemshika, na Bikira Maria ameacha kidogo uzi wake anawatazama.

Mama mkwe kwenye Yudithi hajakosea, Biblia yake kweli haina hicho kitabu, yetu inacho, na ubishi huo hamtaumaliza nyie. Chagua hadithi iliyoko kwenye Biblia zote mbili. Mwana Mpotevu ya Rembrandt, Luka 15, aliichora mwishoni mwa maisha yake, iko Hermitage, St. Petersburg. Rembrandt alikuwa mtu wa Uholanzi ya Waprotestanti, makanisa yao hayakuwa na picha, watu walinunua za kuweka majumbani, na hiyo inasaidia kesi yako kwa mumeo. Sogelea uone, kijana amepiga magoti, kichwa kimenyolewa, kiatu kimoja kimemtoka na unyayo umechakaa, na mikono ya baba mgongoni kwake haifanani, mmoja mpana wa kiume, mwingine mwembamba laini. Hiyo acha mumeo ndo aiweke ukutani kwa mkono wake, kwenye chumba anacholala mama yake akija, na yeye ndo ampigie simu amwambie njoo. Wewe usipige. Na hili la chumba lichukue kwa ujumla, kuwe na chumba kimoja ndani kisicho na sura ukutani kabisa, rafiki zako Waislamu wakija ikafika saa ya kuswali unawafungulia bila kuhangaika kugeuza picha.

Halafu hiyo ya mama yako Moshi uliyoiona ya kalenda. Ibada ya Moyo Mtakatifu ilienea kutokana na maono ya Mtakatifu Margareta Maria Alakoki pale Paray-le-Monial, Ufaransa, 1673 hadi 1675, katikati kabisa ya enzi hizi za Baroko unazozipenda. Na ile sura ya Yesu aliyeshika moyo wake mkononi unaowaka ilisambaa duniani kutokana na picha ya Pompeo Batoni ya 1767, ndogo, imechorwa kwenye shaba, iko kanisa la Gesù, Roma. Ukienda Krismasi muombe mama yako akuachie hiyo fremu yake siku moja, na tawi lake. Ukiipata hiyo, Murillo anaweza kusubiri.

Kuhusu kubarikiwa, kitu kilichobarikiwa kikiharibika desturi yetu ni kukichoma au kukizika kwa heshima, hakitupwi jalalani. Lakini fleksi usiichome, ni plastiki, moshi wake ni sumu, utaumiza na majirani. Zikunje, mpelekee katekista wa kigangoni anafundishia watoto wa kipaimara, Tomaso na Kuzikwa zitamfaa hata zikiwa zimevutika. Yudithi usimpelekee katekista. Ukikosa pa kumpeleka niandikie, ukuta ninao na kwangu hakuna mtoto mdogo.